Mtungi Uliopasuka kwa Sitini na Sita

Kwa miaka ishirini na miwili, kila mtungi wa gesi ulipoletwa kupasuliwa kwa majaribio katika kiwanda kimoja mjini Rosario, watu walimgeukia Evaristo Quiroga. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akataja presha itakayoupasua. Hakukosea sana.

Ndipo akaja mhandisi Yanina Bustos. Huyu alipima unene wa bati na upana wa mtungi, akauliza uimara wa chuma, akaandika mistari mitatu. Mara nne mfululizo akampita Evaristo kwa kukaribia namba. Mafundi wakaanza kumpelekea yeye kwanza kibuyu cha chai ya majani ya yerba, waliyokunywa kwa zamu. Evaristo alikiona kibuyu kikimpita puani, roho ikamuuma.

Jumanne moja asubuhi, lori likiwa bado linapakiwa mitungi mingine ya kundi hilo, Evaristo alipitisha kiganja kwenye mtungi wa jaribio akahisi kibonde kando ya mshono. Mashine ya kusagia mshono ilikuwa imekula chuma, bati likawa jembamba. Yanina alikuwa amepima sehemu tatu, hapo hakufika. Evaristo akafunga mdomo.

"Sabini na nane," alisema Yanina.

"Sitini na tano."

"Mzee, leo umeamkia mkono gani?" Tito wa pampu alicheka.

Maji yakasukumwa ndani ya mtungi. Mshale wa presha ulipogusa sitini na sita, mtungi ukapasuka kwa kishindo. Makofi yakalia, na Evaristo akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Yanina hakununa. Aliinama, akapapasa ukingo wa mpasuko. "Hapa pamesagwa. Mitungi mingine ya kundi hili iko wapi?"

"Lori limeshaondoka," alijibu Tito. "Mia mbili."

Tabasamu likamkauka Evaristo. Aliwaza mitungi hiyo ikipasuka jikoni mwa watu.

"Nilijua," alisema. "Nilikihisi kibonde kabla hujataja namba yako."

"Sasa mbona hukusema, mzee wangu?" aliuliza Yanina.

"Ulikuwa unanipita, binti. Nilitaka ukosee."

Yanina akampigia dereva simu papo hapo. Lori lilirudi kabla ya adhuhuri, halijashusha hata mtungi mmoja. Wakaikagua yote pamoja, yeye na kipimo, Evaristo na kiganja. Mitungi thelathini na mmoja yenye kibonde ikatengwa.

Juma lililofuata, kwa kosa la kuficha kibonde, Evaristo alihamishiwa kwenye kupaka mitungi rangi. Kishindo cha jaribio kikisikika, huuliza namba ya Yanina ilikuwa ngapi. Akiambiwa kwamba Yanina amepatia, hunyunyiza rangi kwa hasira mpaka inachuruzika.