Boriti ya Ngomeni

Ni fundi mwashi mwenyewe aliyetaka kumtembeza mkewe kwenye magofu ya ngome ya wakoloni, kwa kuwa mke aliapa hajawahi kuikanyaga. Lakini huyo kijana wa kuwatembeza wageni, jamani! Kila akitania, mke anacheka mpaka machozi. Roho ikamuuma fundi.

"Chokaa hii imechanganywa ovyo," akadakia, akikwaruza ukuta kwa kucha. Hakuna aliyemsikiliza.

"Mnajuana?" akamnong'oneza mkewe.

"Na wewe! Hebu niache nifurahi."

Akamgeukia kijana. "Una muda gani hapa?"

"Nimeanza leo asubuhi, kaka. Nyinyi ndio wageni wangu wa kwanza."

Fundi akashusha pumzi, akajiona mjinga. Akamshika mkewe mkono, wakatangulia kushuka ngazi za chumba cha wafungwa, giza totoro, kijana nyuma akihangaika na tochi iliyogoma kuwaka.

"Inama, baba watoto," mke akasema kwa upole. "Hapo mbele kuna boriti."

Fundi akanyoosha mkono gizani, akaigusa. Akabaki ameishika, hainami wala hasongi.