Glenys Aliyesema Ukweli

Vumbi la unga ndilo lililoharibu mapafu ya Glenys Ormerod. Aliingia kwenye kiwanda kimoja cha mikate huko Burnley akiwa binti mdogo, akatoka akiwa na mvi na kifua kinachopiga filimbi. Tangu hapo aliishi kwa mafao ya ugonjwa ambayo serikali huwalipa wasioweza kufanya kazi, peke yake, na kulikuwa na wiki ambazo mtu pekee aliyezungumza naye ni yule wa duka la dawa.

Kwa hiyo muuguzi wa kliniki ya kifua alipomwambia kwamba chuo kikuu kinatafuta wagonjwa wa kukaa na watafiti, wawaeleze maisha ya mtu anayehangaikia pumzi, Glenys alikubali kabla hajamaliziwa maelezo. Vikao vilikuwa vichache tu kwa mwaka. Alikaa mezani kati ya daktari bingwa na mzee mmoja aliyekuwa mchimba makaa, na alipofungua mdomo watu waliweka vikombe chini wakamsikiliza. Siku ya kwanza aliporudi nyumbani alimpigia simu dada yake, Thelma, akamsimulia mpaka pumzi ikamwishia.

Kila baada ya kikao walipewa hela kidogo. Glenys aliuliza kama zingemletea matatizo. Imogen, msichana mpole aliyesimamia jopo la wagonjwa, alimwambia asiwe na wasiwasi, huo si mshahara, ni asante tu. Hata hivyo Glenys hakupenda kuishi kwa kujificha. Alipiga simu ofisi ya mafao, akasubiri asubuhi nzima akisikilizishwa muziki, akawaeleza kila kitu.

Thelma aliposikia alikaa chini. "Nani alikutuma?"

"Si nimesema ukweli tu."

"Ndiyo nakuuliza, Glenys. Nani alikutuma?"

Malipo yalisimamishwa ili wachunguze. Halafu akaitwa kuhojiwa. Kijana aliyemhoji hakuwa mkali, hata maji alimletea.

"Kwa hiyo kwenye mkutano unaweza kukaa saa tatu," alisema.

"Nakaa. Halafu nalala siku mbili."

"Na unachangia mawazo, unaongea na watu usiowajua."

"Ndicho walichoniitia, mwanangu."

Yule kijana aliandika. Glenys aliona vidole vyake vikikimbia kwenye kompyuta aliposema anakaa. Aliposema analala, vidole vilitulia.

Uamuzi ukatoka kwamba anaweza kutafuta kazi, mafao yakakatwa. Glenys alikata rufaa, akaambiwa asubiri, na kusubiri kwenyewe kuliangukia majira ya baridi. Alizima kipasha joto cha nyumba ili kuokoa hela, akahamia chumba kimoja, akawa analala na koti. Thelma alimletea viazi na nyama kwenye sufuria kila alipoweza, lakini naye alikuwa mstaafu wa kuungaunga. Kuta zilianza kutoa ukungu. Kabla Krismasi haijafika, Glenys alibebwa hospitali akiwa na nimonia, midomo imegeuka buluu.

Imogen alikwenda kumwona, akabeba zabibu, akalia. Alisema ni kosa lake, hakujua. Alisema chuo kingeweza kuwapa wagonjwa kadi za kununulia vitu dukani badala ya hela, lakini walipouliza wakaambiwa nazo zinahesabiwa kuwa kipato vilevile. Glenys alimpapasa mkono, maana pumzi ya kumfariji kwa maneno hakuwa nayo. Hakumkasirikia. Alitamani tu aondoke, alale.

Rufaa ilisikilizwa masika, akashinda. Malipo yake yakarudishwa, na malimbikizo juu yake, na hakuna aliyemwomba radhi. Lakini kifua hakikurudi. Sasa alikuwa na mashine ya hewa kando ya kitanda na mpira puani mchana na usiku, na ngazi za nyumba yake mwenyewe zilikuwa zimemshinda.

Chuo kilimwalika tena. Walisema wangemtumia gari lenye nafasi ya mashine, au azungumze nao kwa simu akiwa kitandani.

"Si uende bila hela?" Thelma aliuliza. "Waambie hutaki hata senti. Ulikuwa unarudi kule umechangamka, nilikuwa nakuona."

"Nikienda bila hela, ofisi ya mafao watasema naweza kwenda."

 Thelma akainuka kuosha vyombo.

Glenys hakwenda. Kiangazi kilipofika, jirani alitoa viti uani, akamwita aje wakae juani kidogo, atamsaidia kubeba mashine. Glenys alijibu kupitia mlango uliofungwa kwamba hajisikii vizuri. Siku hiyo alijisikia vizuri. Alichoogopa ni mtu wa ofisi ya mafao kupita barabarani akamwona anacheka.