Vipindi Ambavyo Hakuvifundisha

Nzilani Mutisya alikataliwa mara mbili kwenye kozi ya walimu wa Kiingereza, na mara zote mbili aliyemfariji alikuwa Mwalimu Kimeu.

Kozi yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja, ya kumwandaa mwalimu kufundisha Kiingereza kwa watoto ambao wanakutana nacho shuleni tu. Ilifanyika wakati wa likizo kwenye kituo kimoja cha mafunzo karibu na Kiboko, kule Makueni, na anayemaliza alipewa cheti kinachotambulika. Nzilani tayari alikuwa na cheti cha ualimu wa msingi, lakini chuoni hakuna aliyemfundisha la kufanya na watoto arobaini na wawili wa Gredi ya Nne, katika shule moja mbele ya Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, ambao nyumbani na malishoni husikia Kikamba peke yake. Alikuwa akijitafutia njia. Alileta darasani kengele ya mbuzi, kamba, mtungi wa maji, akawafanya watoto waulizane kwa Kiingereza ni mbuzi wa nani, amekunywa maji wapi, amepotea tangu lini. Watoto walikosea, wakacheka, wakajaribu tena. Hata hivyo kuna mambo yaliyomshinda. Kwa nini mtoto asome ukurasa mzima bila kukwama, kisha ashindwe kuomba ruhusa ya kutoka nje? Alitaka mtu amweleze.

Kimeu alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, na miaka mingi kabla alikuwa amemfundisha Nzilani darasa la sita hapo hapo. Mwaka mmoja wa kiangazi baba yake Nzilani alimtoa shule ili afuate mbuzi. Kimeu alienda kwao Jumamosi tatu mfululizo, akakaa na mzee uani bila haraka, mpaka mzee akakubali msichana arudi darasani. Nzilani alipomaliza chuo aliomba mwenyewe kupelekwa shule ile, wakati wenzake wote walikuwa wakiomba Kitui mjini na Machakos. Mbele ya walimu wengine Kimeu alimwita Madam Nzilani. Wakiwa wawili alimwita mwanangu.

Fomu ya kozi ilikuwa na sehemu ya mwalimu mkuu. Alitakiwa akae darasani kwa mwombaji vipindi vitatu, aandike alichoona, atie sahihi na kuituma mwenyewe kituoni, ndani ya bahasha iliyofungwa.

"Utakuja lini darasani?" Nzilani alimwuliza mara ya kwanza.

"Nije kufanya nini? Nimekujua tangu ukiwa mdogo. Nitaandika ninachokijua."

Nzilani alitoka ofisini akiona ameheshimiwa.

Barua ya kukataliwa ilikuwa na mistari minne tu. Kimeu aliisoma akatikisa kichwa. "Hawa wanataka walimu wa mjini. Hata Tseikuru hawajui iko wapi." Mwaka uliofuata akaomba tena, fomu ikajazwa tena, barua ikaja na mistari ile ile minne. Safari hii Kimeu alimwita nyumbani kwake. Mkewe, Syokau, alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi, na baada ya kula Kimeu, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akaomba. Alimwekea Nzilani mkono begani, akamwomba Mungu amfungulie binti huyu mlango. Nzilani alilia, na Syokau akampa leso.

Likizo ya Aprili kituo kile cha Kiboko kilifanya semina ya siku tatu, wazi kwa mwalimu yeyote. Nzilani akaenda. Siku ya pili kila mmoja alitakiwa kufundisha dakika kumi na tano, wenzake wakijifanya wanafunzi. Yeye aliwafundisha kuuliza habari za mnyama aliyepotea. Walimu wazima wakasahau kwamba wanaigiza, wakaanza kubishana kuhusu rangi ya mbuzi. Nyuma ya chumba aliketi Bi Wamucii, mkufunzi mkuu, mama wa makamo kutoka Nyeri. Kwa wengine aliandika muda wote. Kwa Nzilani aliweka kalamu chini.

Baada ya chai alimwita ofisini.

"Jina lako umesema Nzilani Mutisya? Wa kule juu ya Tseikuru?"

"Ndiyo, Madam."

"Uliwahi kuomba kozi yetu."

"Mara mbili."

Bi Wamucii alifungua kabati, akatoa faili, akaipitia ukurasa kwa ukurasa. "Kwa utaratibu wetu sipaswi kukuonyesha hii," akasema. "Nitakuuliza tu maswali. Mwaka jana, Jumatano tarehe kumi na nne Juni, ulifundisha nini?"

Nzilani alifikiri. Siku hiyo aliikumbuka. "Hatukufundisha. Tulikuwa tunamzika mwenyekiti wa bodi ya shule. Shule nzima ilikuwa kule matangani."

"Hapa imeandikwa uliangaliwa kipindi siku hiyo."

"Na nani?"

Bi Wamucii akaweka kidole kwenye karatasi. Akasoma: "Mwalimu husoma kitabu sentensi moja moja, akitafsiri kila moja kwa Kikamba. Wanafunzi hurudia kwa pamoja. Hakuna mtoto anayepewa nafasi ya kusema neno lake mwenyewe. Mwalimu hana uwezo wa kuendesha darasa kwa Kiingereza, na simwoni akinufaika na mafunzo zaidi kwa sasa." Akainua macho. "Vipindi vyote vitatu vinafanana. Na mwaka wa kwanza ni hivyo hivyo."

Kisha akaigeuza karatasi kidogo, kiasi cha kuonekana mwandiko. Nzilani aliujua ule mwandiko tangu ana miaka kumi na miwili. Ndio uliokuwa ubaoni, ndio uliokuwa pembeni mwa insha zake, ukimwambia vizuri sana, endelea.

Kilichomchoma zaidi alikuja kukitambua usiku, kitandani bwenini, wenzake wakiwa wamelala. Kipindi kile kilichoandikwa alikuwa amewahi kukiona. Alikuwa amekaa ndani yake, dawati la pili, darasa la sita, akirudia pamoja na wengine. Kimeu alikuwa ameandika jinsi anavyofundisha yeye mwenyewe, kisha akaweka jina la Nzilani juu yake.

Alirudi Tseikuru Ijumaa. Jumamosi asubuhi akaenda kwa Kimeu. Alimkuta kwenye hori akiwamwagia mbuzi maji. Syokau akatoka jikoni akifurahi.

"Umefika? Ngoja nikuletee uji."

"Asante, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Sitakaa."

Syokau aliwatazama wote wawili, akarudi jikoni polepole.

"Nimeona fomu," Nzilani akasema.

Kimeu aliendelea kumwaga maji mpaka ndoo ikaisha. Hakuuliza fomu ipi. "Waliahidi ni siri," akasema.

"Tarehe kumi na nne Juni tulikuwa kaburini. Wewe ndiye uliyesoma historia ya marehemu."

"Tarehe ilinipita."

"Mwalimu, kwa nini?"

Aliweka ndoo chini, akakaa juu ya ukingo wa hori. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa wiki moja kabla. "Mutindi alipata diploma, akaenda Wote mjini. Kisilu akaenda Nairobi. Evanson hakumaliza hata muhula. Walimu kumi na mmoja, Nzilani, tangu nipewe hii shule. Wote niliwaandikia barua nzuri, na wote walisema watarudi. Ni nani amerudi?"

"Kozi ni ya likizo. Sikuwa naenda mahali."

"Cheti ndicho kingekupeleka. Watu wangekuona. Ningebaki na nani wa kufundisha hawa watoto Kiingereza? Mimi?" Akatazama mikono yake. "Umesoma nilichoandika. Unajua mimi hufundisha vipi."

"Kwa hiyo ulijiandika wewe."

"Ilibidi niandike kitu. Kibaya cha kwako sikukipata."

"Wale wote ambao hawakuwa kitu kwako uliwaandikia ukweli," Nzilani akasema. "Mimi ndiye ukanichagua."

"Wewe ndiye niliyeogopa kukupoteza."

"Ukaniwekea mkono begani. Ukaomba Mungu mbele ya mkeo."

Kimeu aliinama, akaokota ndoo. Nzilani akaondoka, na alipofika kwenye ua alisikia Syokau akimwuliza mumewe kumetokea nini, na mumewe akimwambia ni mambo ya shule.

Bi Wamucii alikubali fomu mpya, kwa sharti kwamba itajazwa na mtu mwingine. Afisa wa elimu wa eneo, Madam Kanyiva, akaja mwezi wa Mei, akakaa nyuma ya Gredi ya Nne vipindi vitatu kamili. Siku hizo zote mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu ulibaki umefungwa. Agosti Nzilani akaanza masomo. Alijifunza kwa nini mtoto husoma asichoweza kusema, na jinsi ya kumngoja mtoto anyamaze, afikiri, aseme lake. Alifurahi, ila si kama alivyodhani angefurahi. Kila mara mkufunzi alipoelezea makosa ya walimu wa zamani, wenzake walicheka, na yeye aliona darasa la sita na mtu mmoja mrefu aliyechoka, ameshika kitabu, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha vingine.

Hakumwambia mtu. Kanisani watu waliona hamsalimii Kimeu kwa mkono, wakaanza kunong'ona. Shangazi yake Mumbua akamwita kando. "Huyu mtu alikutoa malishoni. Ukishapata karatasi ndiyo humjui tena?" Nzilani akamuaga, akaenda nyumbani. Angesema, nusu ya kijiji isingemwamini, na nusu nyingine ingemtupia Kimeu uchafu ambao hangeweza kuuosha. Hakutaka hilo wala hili. Alijiona amebebeshwa siri ya mtu aliyemdhuru.

Kabla ya hapo hakuwa amewahi kufikiria kuhama. Alipopata cheti, shule moja ya karibu na Kiboko iliomba apelekwe kwao, naye akakubali siku ile ile. Kimeu alitia sahihi fomu ya uhamisho mbele yake. Aliisoma mpaka mwisho, polepole, akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Nimeandika ukweli," akasema.

"Nashukuru, Mwalimu," Nzilani akasema, akaichukua.

Muhula wa kwanza kule Makueni alipigiwa simu na mwalimu aliyechukua darasa lake, msichana mgeni aitwaye Mbithe. Watoto hawataki kusoma kwa pamoja, Mbithe akasema, wanataka kuulizana maswali, na yeye hajui aanzie wapi. Nzilani alimweleza kwa muda mrefu. Alimtajia hata mtoto gani huhitaji kungojwa zaidi, na yupi hujibu kwa niaba ya wengine. Mbithe aliandika yote, akashukuru.

"Mwalimu mkuu yuko hapa kando yangu," akasema mwishoni. "Ndiye aliyenipa namba. Anataka kukusalimia."

Nzilani alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi nje ya chumba cha walimu. Ilikuwa saa ya mapumziko, na kengele ilikuwa bado sana.

"Mwambie niko darasani," akasema.

Alisikia Mbithe akiyasema maneno hayo kwa Kikamba, kisha sauti ya Kimeu kwa mbali ikisema, haya, si kitu, asisumbuliwe. Simu ikakatwa. Nzilani aliishika mkononi hadi watoto walipoanza kurudi madarasani, ndipo akainuka.