Rimu Pana za Harusi ya Severa

Mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba makao makuu yatahamia Dodoma, watu wa Mtaa wa Sikukuu walikuwa na jambo lao jingine la kuzungumza. Melkiori, Mchaga mwenye duka la mabati na misumari, alikuwa anamwozesha mdogo wake Severa. Na alikuwa ameapa, mbele ya mashahidi na glasi mkononi, kwamba bibi harusi atafika kanisani kwa gari ambalo Dar nzima italigeukia.

Gari lenyewe alikuwa nalo. Lilikuwa Datsun SSS ya milango minne, rangi ya chungwa lililoiva, yenye injini inayonguruma kwa chini kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Kila Jumamosi jioni Melkiori alilisugua kwa kitambaa cha flana mpaka majirani wakamtania kwamba gari lile lingekuwa mwanamke, Kariakoo nzima ingekuwa imeshakula pilau. Lakini yeye alikuwa anaona upungufu mmoja. Ukilitazama kwa mbele, lilikuwa gari la mbio. Ukilitazama kwa nyuma, na vile vigurudumu vyake vyembamba vilivyojificha ndani ya madigadi, lilikuwa gari la karani.

Aliyemfahamu vizuri katika ugonjwa huo alikuwa rafiki yake Ravindra, mwenye duka la spea Mtaa wa Mkunguni. Walijuana kandokando ya barabara ya Morogoro, kila mmoja amesimama peke yake vumbini kungoja magari ya mbio za Safari yapite. Lilipopita la kwanza wote wawili walipiga kelele kama wendawazimu, kisha wakaangaliana, wakacheka, na tangu siku ile hawakuachana. Ravindra alikuwa akiishi na mama yake, Champaben, ghorofani Kisutu, katika nyumba aliyoijenga babu yake. Siku hizo nyumba ilikuwa imetaifishwa na kuwa ya serikali na wao wapangaji kama wapangaji wengine. Jamaa zao wengi walikuwa wameshahamia Uingereza. Ravindra hakupenda kulizungumza jambo hilo, na Melkiori hakumuuliza.

Wiki chache kabla ya harusi, Ravindra alikuja dukani na teksi. Akafungua buti, akatoa gunia, na ndani ya gunia zikatoka rimu mbili.

"Haya, mjomba wa bibi harusi," alisema.

"Mimi kaka yake."

"Leo wewe mjomba, baba, kila kitu. Shika."

Zilikuwa rimu za aluminiamu, pana kama sufuria za pilau, nyepesi mpaka Melkiori akadhani anadanganywa na mikono yake. Ravindra alizipata Nairobi kwa mafundi wa gari moja la mashindano. Zilikuwa nne, mbili zikapasuka kwenye mawe ya Singida, zikabaki hizi.

"Mbili zinatosha," Ravindra alisema. "Gari hili linasukumwa na miguu ya nyuma. Tunaweka pana nyuma, nyembamba mbele. Litakaa kama simba aliyejikunja."

Melkiori alipitisha kidole kwenye ukingo wa rimu, pole pole, mpaka mteja mmoja akachoka kungoja misumari yake akaenda duka la pili.

Walizifunga kwa fundi Mwinyimvua, Gerezani, kwenye banda lililobanana na wafua mabati, ambapo kusema ni lazima upige kelele. Mwinyimvua alipandisha gari kwa jeki, akatoa magurudumu ya zamani, akalivisha rimu pana na matairi yake mapya. Bolti zililingana. Gari liliposhushwa chini, hata wafua mabati waliacha nyundo. Matairi yalikuwa yamejaa ndani ya madigadi, yakichungulia nje kidogo kama mabega ya mbeba mizigo aliyevaa shati dogo.

Mwinyimvua aliingiza vidole kati ya tairi na bati. Vikapita kwa shida.

"Hapa pamebana," alisema. "Huu mdomo wa madigadi, kwa ndani, tuukunje kwa nyundo. Kazi ndogo."

"Nyundo?" Melkiori aliruka. "Rangi nimepiga mwezi uliopita!"

"Rangi itapasuka kidogo, ndiyo."

Ravindra alijikuna kidevu. "Tujaribu kwanza. Tuone likibeba watu."

Wakawaita mahamali wanne waliokuwa wamepumzika kivulini, watu wa miraba minne, wakawabana wote kiti cha nyuma. Melkiori akashika usukani, Ravindra akatoa kichwa dirishani kusikiliza. Wakazunguka mpaka stesheni ya reli na kurudi. Tairi halikugusa mahali. Mahamali wakashuka wakidai waongezwe mzunguko mwingine, na nyundo ikarudi kwenye boksi la Mwinyimvua.

Siku ya harusi, Jumamosi, jua lilitoka na nguvu zake zote. Uani kwa Melkiori masufuria yalikuwa motoni tangu alfajiri. Jeshi lote la wanawake lilikuwa chini ya amri ya Shangazi Mektilda, dada wa marehemu baba yao, aliyekuja kwa basi kutoka Rombo. Baba yao, mzee Theophil, alifariki Severa akiwa bado mdogo sana; mama naye hakukawia kumfuata. Kwa hiyo Melkiori ndiye aliyemleta Dar, akamsomesha, akamwona akiwa nesi, na sasa ndiye wa kumkabidhi kwa mwalimu Ignasi wa Chang'ombe.

Severa alipotoka chumbani amevaa gauni jeupe, Melkiori alijisingizia ana kazi kwenye boneti. Alikaa na kichwa chake mle ndani muda mrefu kuliko injini yoyote inavyohitaji.

Wakapanda. Bibi harusi nyuma katikati, Shangazi Mektilda upande mmoja, mpambe wake Josepha upande wa pili, na Josepha hakuwa mwembamba. Mbele Melkiori na Ravindra, kila mmoja suti ya kijivu, tai nyekundu. Vigelegele vikapigwa, gari likaondoka.

Mtaani watu waligeuka kweli. Wauza machungwa walisimama. Vijana walikimbia pembeni wakipiga mbinja. Mmoja akapiga kelele, "Naizesheni hao!" na wenzake wakacheka. Siku zile, aliyekuwa na kitu aliambiwa naizesheni, kupe au kabaila na mtu yeyote aliyejisikia kusema. Melkiori hata hakumsikia. Alihisi gari limekaa chini kuliko kawaida, lakini alidhani ni uzito wa furaha.

Walipofika Mnazi Mmoja, baiskeli ilikatiza mbele. Melkiori akakata kona ghafla, mgongo wa gari ukalalia upande mmoja, na sauti ikatoka nyuma kama mtu anayechana turubai. Ikafuata harufu ya mpira unaoungua. Kisha mlipuko. Datsun likayumba, likasimama kando ya barabara limeinamisha kiuno.

Ravindra alikuwa wa kwanza kushuka. Tairi la kulia lilikuwa limechanwa na mdomo wa madigadi, kipande kimezunguka ukingo kama ganda la ndizi. "Haiwezekani," alisema. "Mahamali wanne tuliwabeba!" Akafungua buti.

Ndani kulikuwa na madumu ya mbege, ile pombe ya ndizi ya Uchagani, yamejipanga kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mikungu miwili ya ndizi.

"Shangazi!" Melkiori alifoka. "Nani kaweka haya?"

"Mimi," alisema Shangazi Mektilda kwa utulivu, akijipepea. "Wazee wa upande wa bwana harusi wangekunywa nini pale kanisani wakitoka? Maji?"

"Umeniua, Shangazi! Umeniharibia kila kitu!"

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Yule yule kijana, au mwingine wa aina yake, akapaza sauti: "Kabaila kapata pancha!" Kicheko kikazunguka. Melkiori alisimama katikati ya kicheko kile. Akaiona siku yote aliyoipanga, tangu flana ya kwanza mpaka bolti ya mwisho, imelala pale barabarani na tairi lake lililochanika.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Josepha akampisha Severa, naye akashuka. Alikusanya gauni kwa mkono mmoja, akamtazama kaka yake, akatazama upande wa mjini.

"Kaka, usimfokee shangazi. Twende."

"Twende wapi? Na nini?"

"Kwa miguu. Kanisa halijahama."

"Severa, siwezi kukupitisha mjini kwa miguu kama, kama..."

"Kama nini? Mimi nina miguu." Akampa mkono.

Ravindra alikuwa ameshavua koti na kukunja mikono ya shati. "Nenda, bwana! Gari niachie mimi. Harusi haisubiri tairi."

Basi wakaenda. Shangazi Mektilda akashika mkia wa gauni, Josepha akashika maua. Hatua za kwanza zilikuwa chungu. Kicheko bado kilikuwa kinawafuata. Lakini mama mmoja muuza maandazi akaweka chini beseni lake, akatia mkono mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kilichopanda mpaka juu ya miti. Mwingine akamjibu. Pale uwanjani, vijana wa TANU walikuwa kwenye mazoezi ya gwaride na bendi yao ya matarumbeta. Kiongozi wao, kijana mrefu mwenye shati la kijani, aliwatazama wale wanne wakikatiza nyasi, akasita, kisha akageukia bendi na kuinua fimbo yake. Bendi ikamfuata bibi harusi. Wimbo waliokuwa wanaujua ulikuwa wa gwaride, wakaupiga hivyo hivyo, ila pole pole kidogo.

Mpaka wanafika Mnara wa Saa walikuwa na msafara ambao Melkiori asingeweza kuukodi kwa duka lake zima. Kulikuwa na wauza magazeti, wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi, na yule kijana wa kabaila na pancha, sasa akiwa mbele anafukuza baiskeli zipishe.

Severa alikaza mkono wake kwenye mkono wa kaka yake. "Unakumbuka siku uliyonileta?"

"Tulishuka kwenye treni. Ulikuwa unalia."

"Tulipita hapa hapa. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi namna hii wanatembea pamoja. Kwetu watu wakiwa wengi hivyo ni msiba. Nikadhani kafa mtu mkubwa, na nyote mnanificha."

Melkiori akaangua kicheko. "Kumbe! Mimi nilidhani viatu vinakubana. Nikakununulia malapa."

"Nikayavaa. Sikutaka kukuudhi."

Wakacheka wote wawili mpaka shela likateleza, Josepha akalirudisha. Kisha Melkiori akasema, "Nilitaka upite hapa kama malkia, mdogo wangu. Baba angekuwepo..."

"Baba angetembea. Baba alikuwa anaogopa magari." Severa alimtazama. "Na wewe ungekuwa mbele na usukani wako, unasikiliza injini. Nisingekupata hata kidogo leo."

Melkiori akanyoosha mgongo, akatembea. Bahari ilipoanza kuonekana mwisho wa mtaa na mnara wa kanisa ukajitokeza, alijikuta anapunguza hatua, na Severa naye akapunguza.

Mwalimu Ignasi alikuwa amesimama mlangoni jasho likimtoka, ameshaamini kwamba ameachwa. Aliposikia matarumbeta ya gwaride alidhani kuna maandamano, mpaka alipoliona gauni. Misa ilikuwa imefika katikati Ravindra alipoingia kwa kunyata na kuketi benchi la nyuma, mikono myeusi kwa grisi, tai imeingizwa kati ya vifungo vya shati. Nje, Datsun lilikuwa limesimama na gurudumu moja pana na jingine jembamba, limepinda kama mzee mwenye fimbo. Mbege ilifika salama.

Jioni uani kulikuwa na kila kitu. Shangazi Mektilda, aliyekuwa amesamehe bila kuombwa, alimpikia Champaben, mama yake Ravindra, ndizi na maharage katika sufuria yake peke yake isiyoguswa na nyama, akamkalia mpaka amemaliza. Hawakuelewana maneno mengi. Mmoja alichanganya Kiswahili na Kichaga, mwingine na Kigujarati, lakini walishikana mikono jioni nzima.

Rimu pana zilivuliwa wiki iliyofuata. Mwinyimvua alijitolea tena kukunja madigadi, na safari hii Melkiori hakukataa kwa ajili ya rangi. Alisema tu kwamba amesharidhika. Severa na Ignasi walihamishiwa Sumbawanga, na duka likawa na ukimya ambao hakuwa ameutegemea.

Mvua za vuli zilipoisha, Ravindra alikuja asubuhi moja na mama yake.

"Tunaondoka, Melki. Ndugu zangu wametupatia nyumba Leicester, Uingereza."

"Lini?"

"Hivi karibuni. Leo mama anataka kwenda ng'ambo. Miaka yote anaitazama Kigamboni, hajawahi kuvuka."

Melkiori alifunga duka, mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walishuka mpaka Magogoni, wakaingiza gari kwenye kivuko, na Champaben akakaa kiti cha nyuma ameshika sari yake kwa mikono miwili, akiangalia mji unavyorudi nyuma. Upande wa pili barabara ilikuwa ya mchanga, minazi kulia na kushoto, hakuna mtu. Melkiori alisimamisha gari, akashuka, akazunguka upande wa pili.

"Endesha wewe," alisema.

Ravindra alikaa nyuma ya usukani kitambo. Kisha akatia gia, akakanyaga mafuta, na nyuma yao vumbi likapanda kama lile la barabara ya Morogoro. Champaben alipiga ukelele, wakadhani ameogopa. Walipomtazama alikuwa anacheka, sari imemtoka kichwani, mvi zote nje. "Tena!" alisema. "Ravi, tena!"

Wakaenda na kurudi barabara ile mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Wakanunua muhogo wa kuchoma, wakala wameegemea boneti, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi.