Utulivu Alioutamani

Wateja walimpa kinyozi jina la Redio, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Alianza kuongea kabla hajamfunga mtu kitambaa shingoni, na mtu aliondoka amenyolewa vizuri huku anajifuta machozi ya kicheko. Habari alizitia chumvi mpaka mwenyewe akasahau ukweli wake ulikuwa upi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha kazi kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa plaiwudi isiyofika darini: huku kioo, viti viwili na mashine za kunyolea, kule cherehani, meza ya kukatia na mashati yanayongoja vifungo. Kwa miaka kumi na tisa mama huyo alishona huku anamsikiliza mumewe, apende asipende. Mara ngapi amekata mkono wa gauni mfupi kwa sababu Redio amefika patamu, yeye akasahau hesabu?

"Baba nanihii!" angepaza sauti. "Funga bomba hilo, napima!"

"Pima tu, mke wangu, mimi sikushiki mkono," angejibu, na upande wa pili watu wakavunjika mbavu.

Koo lilimwanza Redio mwezi ule mkewe alipopata kazi ya sare za shule, sketi mia moja na ishirini. Redio aliamka asubuhi anakwaruza kama jogoo mgonjwa. Mkewe alimchemshia tangawizi, akamtilia asali, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Mafua hayo, yatapita. Redio mwenyewe akasema ni nywele za wateja, amezimeza nyingi mno.

Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Kikohozi hakuwa nacho, homa hakuwa nayo, ila sauti ilizidi kufifia, na alipomeza mate alikunja uso. Wateja walimtania kwamba betri zimeisha. Alicheka bila sauti, akaendelea kunyoa.

Kule nyuma ya plaiwudi kulitulia. Na hapa ndipo penye jambo ambalo mama yule hakumwambia mtu kwa muda mrefu: alifurahi. Alishona sketi nane kwa siku badala ya tano. Alisikia sindano yake mwenyewe ikitembea, akahesabu marinda bila kukosea. Siku moja Redio alichungulia mlangoni, akashika sikio la kushoto, akanong'ona, "Maumivu yanapanda mpaka huku." Mke hakuinua macho. Alisema, "Pumzisha koo basi. Usiongee, litapona lenyewe."

Akamtii. Mwanamume ambaye hakuwahi kumtii mtu katika suala la kunyamaza, safari hii alitii.

Aliyeona kwamba mambo yameharibika alikuwa wifi yake, dada yake Redio, aliyekuja siku ya Jumapili baada ya kupotea kitambo. Walikula pamoja. Wifi akamtazama kaka yake akilowesha mkate kwenye chai, anameza kipande kimoja kwa muda ambao wengine wamemaliza sahani. Akamfuata mke jikoni.

"Wifi, kaka amekonda. Shati linamning'inia. Na ile sauti ina muda gani?"

"Ni mafua tu, wifi. Siku chache."

"Siku chache ngapi?"

Mama akaanza kuhesabu. Alijaribu kukumbuka kwa kutumia sketi. Koo lilianza kabla hajakata kitambaa. Sketi zilishakabidhiwa, shule zilishafunguliwa, na watoto walishazipasua nyingine na kuzileta zitiwe viraka. Akaweka chini kikombe alichokuwa akikiosha.

Kesho yake walikuwa hospitalini. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliuliza koo limeuma tangu lini. Redio alimgeukia mkewe, maana kuongea kulimchosha.

"Wiki mbili, tatu hivi," mama akasema.

Hakujua uongo ule ulimtokea wapi. Aibu ilimtangulia ulimi. Redio akamtazama kwa mshangao, kisha akamnyooshea daktari vidole vitatu, akanong'ona, "Miezi."

Daktari hakugomba. Alimpapasa shingo, vidole vikasimama mahali pamoja chini ya taya, akarudia kupapasa.

"Hiki kinundu mmekiona?"

Hawakuwa wamekiona. Kinyozi aliyeshika shingo za watu mchana kutwa hakuwa amewahi kushika yake.

"Koo la mafua hupona ndani ya wiki moja, au zaidi kidogo," daktari akasema. "Likipita hapo, mtu aje. Sauti ikikwaruza wiki tatu mfululizo, aje. Kumeza kwa shida, maumivu ya sikio moja, uvimbe shingoni, kupungua mwili: lolote kati ya hayo likitokea peke yake, asingoje. Na akishindwa kupumua au kumeza hata mate, aletwe saa hiyohiyo."

Mama alisikiliza huku kila neno linamtafuta pale alipokaa.

Vipimo vilichukua siku kadhaa. Kipande kidogo kilikatwa kikapelekwa maabara, na jibu likarudi: saratani, kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, na ilishasambaa kuta zake zote. Daktari aliwaambia ukweli kwamba ingegunduliwa mapema, huenda mionzi peke yake ingetosha na sauti ikabaki. Sasa kisanduku kitolewe chote ili mtu apone.

"Atapona?" mama aliuliza.

"Tuna matumaini makubwa. Ila hataongea tena kama alivyozoea."

Asubuhi ya upasuaji alikaa kitandani kwa mumewe, amemshika mkono, akingoja amwambie kitu. Redio alitikisa midomo, ukatoka mkwaruzo usioshikika. Ndipo mama alipotambua kwamba sauti ya kweli ya mumewe ilishakwenda zamani, na siku ilipomtoka kwa mara ya mwisho yeye alikuwa upande wa pili wa plaiwudi, anahesabu marinda. Hakukumbuka hata neno moja.

Redio alipona. Alirudi kazini na tundu la kupumulia shingoni, amelifunika kwa kitambaa chepesi ambacho mkewe alimshonea ili nywele zisiingie. Wateja wengine walirudi, wakanyolewa kimya wakitazama sakafu. Wengine walihamia kwa kinyozi wa kona, wakamwonea haya barabarani. Mambo ya kusema Redio aliyaandika kwenye daftari, na hadithi iliyoandikwa ilikuwa fupi, haina chumvi.

Siku moja walipofunga mlango, mama alishindwa kuvumilia zaidi. Alimwambia yote akiwa amesimama: kwamba ukimya ulimfurahisha, kwamba alimwona akishika sikio na hakuinua macho, kwamba alimdanganya daktari.

Redio alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu, akaandika bila haraka, akamsogezea daftari.

"Nilijua umefurahi. Ndiyo maana sikukusumbua tena."

Mama alisoma mara mbili. Laiti angemgombeza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akalia akijifutia kitambaa cha kichwani hadi kikalowa, na mumewe akamsimamia nyuma, mikono mabegani mwake.