Kipande cha Katikati

Wifi akikuchekea, angalia kwanza mkono wake uko wapi. Hivyo ndivyo alivyoamini Sindano, na hakuna aliyewahi kumtoa katika imani hiyo. Jina hilo alipewa na wateja wake wa cherehani, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia, naye hakulikataa.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchonga ndege wa mapambo. Alipofariki aliacha karakana nyuma ya nyumba, na ndani yake viti viwili: kimoja chake, kimoja cha dada yake. Sindano alikitaka kile cha mumewe. Macho yake yalikuwa yameanza kugoma kutunga uzi, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba hakutaka kumwona mtu baki amekikalia. Wifi yake hakumkatalia.

"Nitolee ndege mmoja mwenye mkia mzima, wifi yangu, kiti ni chako," alimwambia. "Ukishindwa, kuna fundi anakitaka. Kazi hii peke yangu siiwezi."

Ndege mwenyewe anatoka katika kipande kimoja cha mti mbichi, ungali na maji yake. Hakuna gundi wala msumari. Ukishachonga mwili, unachana upande wa mkia kwa kisu, unapata manyoya membamba kama ganda la kitunguu, yote yakiwa bado yameshikana shinani. Kisha unayafungua moja moja kama upepeo, kila nyoya likimkaba jirani yake. Mti ukiwa mbichi, nyoya linapinda. Ukikauka, linakatika, na nyoya moja likikatika huna ndege tena, una kuni.

Sindano alikuwa na kuni nyingi.

"Wifi, unavuta kama uzi," wifi yake alimwambia akicheka. "Nyoya halivutwi, linasindikizwa. Taratibu!"

Sindano naye akacheka, kicheko cha meno matupu, na tangu siku hiyo akaanza upelelezi. Wifi yake ndiye aliyepasua magogo na kugawa vipande. Cha Sindano alikiweka kwenye ndoo pembeni, kimezungushiwa kitambaa. Chake alikiweka kwenye rafu karibu na dirisha. Kama vyote ni mti mmoja, kwa nini kila kimoja na makao yake? Jioni moja, Sindano akianua nguo, alimwona wifi yake, aliyekwisha kuaga, anarudi karakanani na kuinamia ile ndoo, kisha anatoka akijipangusa mikono. Na lililomkata maini kabisa, alimfuma mlangoni ananong'ona na yule fundi anayekitaka kiti. Alipotokea yeye, wakanyamaza kama waliomwagiwa maji.

"Kumbe napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa," alijisemea. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, maana akikosa kiti kile hakujua angeshika nini kingine cha mumewe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema uvue nguo zote kukitafuta. Sindano alizivua. Asubuhi iliyofuata, wifi yake alipotoka uani kunoa visu, Sindano alikitoa kipande cha kwenye ndoo, alichoamini kimeharibiwa, akakipangusa vizuri na kukiweka kwenye rafu. Cha kwenye rafu akakizungushia kitambaa, akakaa sakafuni nacho mapajani, mpole kama bibi harusi.

Wakaanza kazi. Kipande alichokishika kilikuwa kigumu, kisu kilikuwa kinaruka. Akajiambia ugumu ndio ubora. Alipochana nyoya la kwanza, mti ulilia kwa mlio mkavu. Alipolipinda, likakatika. La pili likakatika kabla hajalipinda.

Kando yake, wifi yake alipiga kisu mara moja akasimama. Maji yalikuwa yametoka kwenye mti yakalowesha bapa la kisu. Akakitazama kisu, akaitazama rafu, akamtazama Sindano na vipande vilivyojaa mapajani mwake. Akaendelea, na manyoya yakafunguka chini ya vidole vyake moja baada ya jingine mpaka mkia ukasimama mzima. Ndipo akaweka kisu chini.

"Wifi, kipande hiki ni chako."

"Vipande si vyote ni sawa?"

"Si sawa. Ncha ya gogo inakauka mapema. Ncha nachukua mimi, mikono yangu imeizoea. Katikati nakupa wewe kwa sababu unajifunza. Kila jioni narudi kukiloweshea kitambaa."

Sindano alitamani ardhi ipasuke. Akasema, "Lakini yule fundi... mlikuwa mnanong'ona."

"Nilikuwa namwambia asije. Sikutaka usikie, ungeacha kujitahidi." Akashusha pumzi. "Nilimwambia kiti kina mwenyewe, mke wa marehemu kaka yangu. Ndege angepatikana tu siku moja."

"Nisamehe, wifi."

"Kiti ni chako. Nikishasema nimesema."

Sindano akahama pale pale, akakikalia kiti cha mumewe, akalia wazi wazi bila kujificha. Wifi yake alimwacha alie. Alifagia vumbi, akapanga visu, akapasua gogo jipya na kumpa Sindano kipande cha katikati, kikidondosha maji, ncha akaiweka kwenye rafu. Saa ya kuondoka ilipofika alikitoa kipande chake mwenyewe kwenye rafu, ambako siku zote kililala, akakitia mkobani, akaufunga mkoba na kwenda nacho nyumbani. Kesho yake alikileta, na jioni akakichukua tena.