Uso wa Inspekta Saba

Loïc alimfuata Adélaïde shuleni saa nne ya asubuhi, watoto wakiwa nje kwa mapumziko. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka mjini mpaka mtaa wa Musaga, maana wiki ile petroli ilikuwa imekosekana tena na mabasi yalikuwa ya kubahatisha. Shati lilimgandia mgongoni. Akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakikaribia kidevu, akaanza kumweleza filamu yake.

Ilikuwa hadithi ya miaka mingi ijayo. Ziwa limepanda na kuimeza nusu ya Bujumbura. Waliobaki nchi kavu wanatawaliwa na kampuni moja inayouza maji safi, na kampuni hiyo ina polisi wake: watu waliokufa wakarudishwa kwa mashine, nusu nyama nusu chuma, wasiokumbuka walikuwa nani. Mmoja wao, mwanamke anayeitwa Inspekta Saba, anaanza kukumbuka.

"Mi sitaki mutu wa kujifanya," Loïc alisema. "Nakutaka we."

Adélaïde hakuwa na mkono wa kulia kuanzia chini ya kiwiko. Mashine ya kusaga mahindi iliuchukua alipokuwa na miaka kumi na miwili. Tangu hapo alijifunza kuandika ubaoni kwa kushoto, na alizoea kwamba mtu akikutana naye mara ya kwanza macho humshuka mkononi kabla ya kufika usoni, na mara nyingi hayapandi tena. Kwenye harusi ya dada yake mpiga picha alimpanga nyuma ya shangazi mnene, picha baada ya picha. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa darasa la tatu, na alizijua picha tatu tu duniani zilizoonyesha uso wake wote.

Alimjibu Loïc kwamba apana. Aliyemgeuza nia ni Lisette. Watatu hao walikuwa pamoja kwenye kikundi cha maigizo cha lycée, yaani sekondari, na Lisette, ambaye sasa alikuwa na saluni mtaa wa Kinanira, ndiye angepaka watu rangi kwenye filamu. Kila Jumapili baada ya misa alikula kwa kina Adélaïde, na mama yake Adélaïde alimwekea sahani bila kuulizwa.

"Utaonekana," Lisette alimwambia. "Si mkono. We mwenyewe."

Basi Adélaïde akakubali, kwa sharti moja. Inspekta Saba huvaa kofia ya chuma inayomfunika mpaka kidevuni, isipokuwa mara moja, karibu na mwisho, anapoivua mbele ya umati na kuwaangalia watu mmoja mmoja. Alitaka sehemu hiyo iwe yake, na isikatwe.

"Bila hiyo hakuna filamu," Loïc alisema. "Naapa kwa jina la mama yangu."

Mkono wa chuma ulitengenezwa mtaa wa Buyenzi na Mzee Hamimu, mchomeleaji wa vyuma, kwa bomba la moshi la pikipiki na vipande vya feni. Ulikuwa mzuri na mzito sana. Mikanda yake ilimchubua Adélaïde bega, na kila siku ya kazi Lisette alimpaka mafuta palipochubuka kabla hajamfunga upya.

Walipiga picha za filamu wikendi saba, kwenye zile nyumba za pembezoni zilizoingiliwa na maji ya ziwa, ambako miti imekauka ikiwa imesimama ndani ya maji. Adélaïde alikimbia ndani ya maji yanayofika mapajani. Aliruka kutoka juu ya lori, mara nne, kwa sababu mara tatu za kwanza kamera ilikuwa imechelewa. Alivunja mlango kwa mkono wa Mzee Hamimu na mlango ulikuwa wa kweli. Jumatatu alisimama mbele ya darasa akiwa hawezi kuinua bega, na alikuwa na furaha ambayo hakumwambia mtu.

Sehemu ya kofia waliipiga mwisho kabisa, kwenye ghala tupu, jua la saa tisa likipenya kwenye mabati. Loïc alitaka watu wengi, lakini petroli ilikosekana na umati haukufika. Ikabidi Lisette asimame kando ya kamera ili Adélaïde apate mtu wa kumwangalia. Adélaïde, mkono wa chuma ukiwa umeshafunguliwa, akaivua kofia polepole. Akamwangalia rafiki yake. Loïc alikohoa na kusema, "Hatutarudia. Hiyo ni hiyo." Lisette alikuja kumfuta jasho.

Hiyo ilikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa nane Lisette alipunguza kuja Jumapili. Siku moja alifika akiwa amenyoa nywele zake ndefu, zikabaki fupi kama za Adélaïde. Alieleza kwamba dawa ya kulainisha ilikuwa imezikata. Adélaïde alimwonea huruma, akaingia chumbani na kumletea kitambaa chake cha hariri, cha buluu, ajifunge mpaka ziote. Baada ya hapo simu za Lisette zikawa za haraka: saluni ina watu, atapiga baadaye.

Filamu ilionyeshwa mwezi wa kumi na moja, Jumamosi saa nane mchana, kwenye ukumbi wa vijana mjini. Bango la mlangoni lilionyesha kofia ya chuma na nusu ya uso gizani. Adélaïde alikuja na mama yake, dada yake na walimu wanne. Walikaa safu ya tatu. Mama alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu, na kila Inspekta Saba alipotokea alimgusa binti yake goti.

Adélaïde alijiona akikimbia majini, akaona lori, akaona mlango unavunjika. Watu walipiga miluzi. Sauti ya Inspekta ilimshtua kidogo, haikuwa yake, lakini alidhani ni kwa ajili ya ile kofia, kwamba sauti wameichezea kwa kompyuta ili ifanane na mashine.

Kisha likaja ghala. Kofia ikapanda polepole. Chini yake kulikuwa na uso wa Lisette.

Ulikuwa uso mzuri, mkubwa kama ukuta, nywele zimenyolewa fupi. Ukawaangalia watu mmoja mmoja. Kamera ikashuka kwenye mkono uliokatika, na mkono ulikuwa wa Adélaïde, na ikapanda tena kwa Lisette.

Mama aliinamia sikio la binti yake. "Huyu si Lisette?"

"Ni yeye."

"Na we uko wapi?"

Adélaïde alikuwa anahesabu miezi. Alifika mwezi wa nane, kwenye kile kitambaa cha buluu alichokwenda kukileta mwenyewe, na hapo akajua zile nywele zilinyolewa kwa nini.

Majina yalipopita mwishoni, Inspekta Saba alikuwa Lisette. Jina lake yeye alilipata chini, baina ya madereva na wapishi: Mkono, Adélaïde. Taa zikawaka. Mshereheshaji, kijana mchangamfu ambaye hakujua lolote, alimpandisha Loïc jukwaani, kisha Lisette, kisha akasoma karatasi yake. "Na mkono wetu uko? Mkono wa Inspekta, tafadhali usimame tukupungie." Watu wakacheka vizuri tu, bila ubaya. Walimu wanne wakageuka kumtazama. Adélaïde alibaki amekaa. Mama akamshika begani, pale pale palipowahi kuchubuka, na akaacha mkono wake hapo.

Loïc aliwakuta nje, penye maegesho.

"Adé, nisikilize. Wenye kunisaidia pesa waliiona. Walisema watu wakiuona uso wako na mkono pamoja, watakuhurumia. Inspekta hahurumiwi. Ni hivyo tu."

"Namba yangu ya simu ulikuwa nayo."

"Ningekuambia ungesimamisha kila kitu."

"Ndiyo," Adélaïde alisema. "Ningesimamisha."

Lisette alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya Loïc. Alifungua mdomo. Mama akamwangalia, mama ambaye alikuwa amemlisha miaka kumi, na Lisette akaufunga tena. Adélaïde na wenzake wakaondoka kwa miguu mpaka Musaga, kupanda mlima, na njia nzima walimu walizungumza habari za mitihani.

Baada ya wiki tatu Loïc alirudi shuleni, saa ile ile ya mapumziko. Safari hii hakukaa. Tamasha moja la ng'ambo lilikuwa limeiona filamu, na mtu wa huko aliuliza kama mkono ule ni wa kweli, na mwenye mkono ni nani. Walimtaka yeye, Adélaïde. Walitaka uso wake.

"Basi irudishe ile sehemu ya ghala," Adélaïde alisema.

Loïc akatazama viatu vyake. "Haiko. Diski ilijaa, nikafuta. Tutapiga upya, hata Jumamosi hii. Lisette amekubali uso wake utolewe."

Adélaïde aliweka chaki kwenye kopo. Mpaka dakika ile alikuwa akijiambia kwamba mahali fulani, kwenye mashine fulani, ile sehemu ipo, hata kama hakuna atakayeiona.

"Apana," alisema.

"Utasafiri. Jina lako litakuwa la kwanza."

"Ile nilikuwa namwangalia mutu niliyemwamini. Mara ya pili nitamwangalia nani?"

Akatoka kupiga kengele, ingawa dakika tano zilikuwa zimebaki.

Lisette alikuja mwenyewe, Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, misa ikiwa imekwisha. Hakuingia. Mama alimwona dirishani, akaendelea kuchambua maharage. Adélaïde akatoka mpaka getini na kusimama upande wa ndani.

"Sina la kujitetea," Lisette alisema. "Aliniuliza nikasema ndiyo. Kila Jumapili nilikuja nikitaka kukuambia, mama ananiwekea chakula, nakula, naenda. Baadaye nikaacha kuja." Akavuta pumzi. "Uniambie tu nifanye nini."

Adélaïde aliegemea geti. Mtaani kwaya ya kanisa la jirani ilikuwa bado inafanya mazoezi.

"Ile siku ya ghala, we peke yako ulikuwa mbele yangu. Loïc alikuwa anatazama kioo kidogo cha kamera. Sasa haiko tena popote. Uniambie ulichoona."

Lisette alianza, akakwama, akaanza tena. Alisema kwanza alimwona amefumba macho, na kope zina jasho. Alisema alipoyafumbua hakuonekana na hasira kama ilivyoandikwa. Alionekana kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali na hana hakika kama ni yeye. Alisema kovu dogo la kidevuni lilishika mwanga. Kwamba mdomo ulitaka kucheka, mwishoni kabisa, halafu ukajizuia. Kwamba yeye, Lisette, alipoirudia sehemu hiyo mwezi wa nane, alijaribu kufanya vile vile mara kumi na moja na haikutoka.

Alikuwa analia sasa. Adélaïde alisikiliza mpaka neno la mwisho, bila kumkatiza, akijitahidi kulishika kila moja.

"Ni yote?"

"Ni yote."

"Basi enda," Adélaïde alisema, na akasubiri mpaka Lisette alipofika barabarani ndipo akaingia ndani.